Salama, Namshukuru Mungu

"Mkono ukoje?" kocha aliniuliza, nami nikamjibu kama nilivyolelewa.

"Salama, namshukuru Mungu."

Nilijibu kwa Kihispania, maana Kiingereza changu wakati ule kilitosha kuagizia kuku na kuombea radhi, basi. Kocha alikuwa nyuma ya meza yake, kofia kaitundika kwenye goti, viatu kavua. Hakuwa mtu mbaya. Pembeni yangu alisimama Quiñones, mdakaji wa mazoezi wa timu yetu ya besiboli, Mpuertoriko mnene ambaye vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vimepinda kila kimoja na upande wake. Timu ilimfanya mkalimani wetu kwa sababu hakukuwa na mwingine. Kazi yake hasa ilikuwa kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kule nyuma ya uzio ambako sisi warushaji tulipasha mikono moto, na kuidaka mipira yetu kabla hatujaitwa uwanjani.

Quiñones alinitazama kidogo. Kisha akamgeukia kocha, akaanza kusema, na maneno yake yakawa marefu kuliko yangu. Nilisikia neno moja nililolijua vizuri, kwa sababu hakuna mrushaji asiyelijua neno hilo hata liwe la lugha gani: kiwiko. Likaja tena. Kocha akavua miwani, akauangalia mkono wangu.

"Umemwambia nini?" nikamuuliza Quiñones.

"Nimemwambia ulichosema, dogo," akanijibu kwa Kihispania, huku akimtabasamia kocha. "Kwamba kiwiko kinakuuma mpaka vifungo vya shati unafunga kwa mkono wa kushoto."

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana nilitamani kumzaba kibao pale pale.

Kisa hiki nimekisimulia mara nyingi dukani kwangu, hapa Baní, kisiwani kwetu, na kila mara wasikilizaji hunikatiza mahali hapa hapa. Wananiuliza kwa nini sikusema ukweli tangu mwanzo. Wanauliza wao, watu wa Baní, ambao hata ukiwakuta wameangukiwa na ukuta watakwambia hawajambo na watakuuliza habari za nyumbani. Huwa nawacheka kwanza, halafu naanza upya, kwa bibi yangu.

Mamá Vige, jina lake kamili Eduvigis, alinilea tangu mama alipokwenda kufanya kazi za ndani mji mkuu na kubakia huko. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyetengeneza jibini ya maziwa ya mbuzi na kuiuza mwenyewe mlango kwa mlango. Kwake adabu ilianzia kwenye salamu. Mtu akikuuliza hali, unajibu salama, namshukuru Mungu, kisha unamuuliza yeye na watu wa kwake. Uwe na homa, uwe na njaa, uwe umetoka kuzika, jibu ni hilo hilo.

Nikiwa na miaka tisa nilianguka kutoka paa la jiko, nikifuata kishada kilichonasa. Mkono ukavimba. Jirani yetu Doña Ofelia alikuwa akipita, akauliza hali kwa kawaida yake, nami nikapiga yowe kwamba nakufa. Bibi alinifunga mkono kwa kitambaa, kwa upole ambao sijausahau, na alipomaliza akanifinya sikio.

"Anayekuuliza hali amekuletea salamu," aliniambia. "Hajakuomba umfungulie kidonda. Mpe salamu yake aende zake."

Babu yangu alikufa na adabu hiyo hiyo. Padri alipomletea mafuta matakatifu na kumuuliza anajisikiaje, babu alisema salama, namshukuru Mungu, akamuuliza padri kama yule ng'ombe wake ameshazaa. Alikata roho kahawa haijachemka. Mamá Vige aliisimulia habari hiyo kwa fahari miaka yote, na mimi nilikua nikiamini kwamba ndivyo mwanamume anavyokufa, akiulizia ng'ombe wa watu.

Niliitwa ligi kuu Julai ya mwaka 1997, nikiwa na miaka ishirini na minne. Kwetu kila kijana anarusha mpira, na wengi wanaosajiliwa na Wamarekani huishia kwenye timu za chini, wanasafiri kwa basi siku nzima, wanalala wanne chumba kimoja, wanakula mkate na siagi ya karanga mpaka wanaichukia. Kuitwa juu ni jambo jingine kabisa. Asubuhi ya kwanza nilikuta jezi imetundikwa, ina jina langu la ukoo, PEGUERO, mgongoni, herufi zote zimenyooka. Nilikaa kwenye kiti nikaiangalia mpaka wenzangu wakaanza kunicheka. Hakuna furaha niliyowahi kuipata baadaye iliyofanana na ile, na nina mke ninayempenda na watoto watatu, wanisamehe.

Wiki ya pili kiwiko kikaanza. Kwanza kilikuwa kama kinanung'unika tu, kisha kikawa kinanikata kila nilipoachia mpira. Daktari wa timu alipita kila asubuhi akituuliza mmoja mmoja tunajisikiaje. Kila asubuhi nilimwambia salama, namshukuru Mungu. Alikuwa ameshajifunza maneno hayo ya Kihispania kutoka kwangu, akawa ananisalimia nayo.

Mtu pekee ambaye hakuniuliza alikuwa Quiñones. Yeye alikuwa akiidaka mipira yangu kila siku, akaona ilivyopungua. Alinyamaza tu, mpaka siku moja mvua iliposimamisha mchezo na sisi tukajibanza chini ya kibati, yeye juu ya ndoo yake, mimi nimechuchumaa, tunatafuna mbegu za alizeti.

"Dogo, unajua siku zinavyohesabiwa?" aliniuliza.

Nikamwambia ninachojua ni kwamba mtu anacheza, analipwa, anatuma nyumbani. Akatema maganda.

"Kila siku unayokuwa na timu ya juu ni siku ya utumishi. Ucheze, usicheze. Ukiumia ukiwa huku, wanakuweka kwenye orodha ya majeruhi, na unahesabiwa vile vile. Umelala kitandani, mkono kwenye barafu, unaangalia tamthilia, siku yako imeingia. Lakini wakikushusha kule chini ukiwa mzima, hesabu inasimama. Uumie huko, uvunjike shingo huko, haiingii tena. Na mgonjwa hawaruhusiwi kumshusha. Ndiyo maana kabla ya kumshusha mtu wanamuuliza kwanza."

"Haya, na nikizijaza hizo siku napewa nini? Ng'ombe?"

"Ukifikisha arobaini na tatu, pensheni ya ligi kuu ni yako mpaka wakuzike. Usipofika, una picha ya kuwaonyesha wajukuu."

Nilimcheka sana. Katika umri ule mtu akikutajia pensheni unamwona kama anayekuuzia jeneza. Nikamuuliza kwa utani yeye anazo ngapi. Aliinuka, akatoa mkono nje ya kibati kuangalia kama mvua imepungua, na ilikuwa inanyesha vile vile.

Kwa hiyo siku ile nilipoitwa ofisini kwa kocha, mapema mwezi Agosti, nilijua kabisa swali lile lilikuwa la nini. Jana yake wapigaji walikuwa wamenichapa, kila mpira wangu wanaupeleka mbali, mpaka mashabiki wetu wenyewe wakaanza kunizomea. Nilijua nashushwa. Nilijua pia kwamba bado sijafika nusu ya zile siku za Quiñones. Na bado nikasema salama. Ulimi ulitangulia, hiyo ni kweli, lakini kulikuwa na jambo jingine pia: mtu aliyetoka kuchapwa akisema anaumwa, nani atamsadiki? Niliona heri nishuke nikiwa mwanamume kuliko nibaki nikiwa mlalamishi.

Koridoni nilimkamata Quiñones shati. Nilimwambia kwamba yeye si mama yangu wala si daktari wangu, kwamba ameniua, kwamba mrushaji akishatajwa kiwiko kila timu inamkimbia. Nilimtukana pia, kwa maneno ya Baní ambayo Mpuertoriko huenda hakuyaelewa yote. Aliniacha nikamaliza.

"Mimi nami niliulizwa kwenye ofisi kama ile," akasema. "Kidole kimevunjika, nimekificha ndani ya glavu. Nikasema niko fiti. Asubuhi yake nikashushwa, na sikuitwa tena. Nilibakiza siku zisizofika wiki. Haya, niachie shati, sina jingine."

Nikamwachia. Sikumwomba radhi, nilikuwa bado na hasira, na hata sasa nikikumbuka nasikia joto masikioni.

Walinipeleka hospitali, wakanitia ndani ya mashine inayopiga kelele kama kinu cha mahindi. Kano ya kiwiko ilikuwa imechanika. Haikukatika yote, walisema, kwa hiyo wangejaribu kwanza kunipumzisha, halafu waone kama kisu kinahitajika. Jina langu likaingia kwenye orodha ya majeruhi. Kesho yake nilikuja uwanjani nikavaa jezi yangu, nikakaa kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza maishani nikatazama mchezo bila kutakiwa kufanya chochote.

Habari zilifika Baní kabla sijapiga simu. Wakati ule nyumbani hatukuwa na simu. Simu ya mtaa ilikuwa dukani kwa Don Fabio, juu ya kaunta, kati ya mzani na soseji, na mtu akiongea, wacheza domino wote wa barazani hunyamaza ili wasikose neno. Nilipiga Jumapili baada ya misa kama kawaida.

"Cayo," alisema Mamá Vige, "ni kweli umewaambia Wamarekani kwamba unaumwa?"

"Ni kweli, Mamá."

Nilisikia domino zilivyonyamaza.

"Jumapili iliyopita nilikuuliza mimi, ukaniambia salama."

Alikuwa amenifundisha mwenyewe kumjibu hivyo, na sasa jibu hilo lilikuwa limemchoma. Ningeweza kumwambia habari za mkalimani, lakini kwa simu, mbele ya mtaa mzima, ningeonekana najitetea kwa kumsingizia mtu. Akaendelea kwa sauti ya chini, ile ambayo kila mtu dukani huisikia vizuri zaidi. Alisema watu wanamsimamisha njiani kumpa pole, kama kuna msiba. Alisema Doña Ofelia amemletea supu. Don Nazario, mkandaji wa njia ya Ocoa, ameshaambiwa na ananingoja. Amerudisha mabega ya watu na magoti ya punda, kiwiko hakimshindi, kwa mafuta ya mbuzi na siku chache tu.

"Njoo nyumbani, baba," akasema mwishoni. "Huko nani anakupikia?"

Niliweka simu chini nikalia. Nilitaka kwenda. Nilitaka ndizi mbichi za kuponda na vitunguu juu yake, nilitaka kulala kwenye kitanda changu na kusikia mbuzi asubuhi. Nilipomgusia Quiñones, alinikazia macho. Majeruhi akiondoka bila ruhusa, alisema, anafutwa kwenye orodha, na hesabu inasimama siku hiyo hiyo. Akaniomba ningoje. Kisha timu ikasafiri kwenda kucheza ugenini, naye akaenda nayo na ndoo yake, mimi nikabaki mjini na daktari na majeruhi wengine wawili ambao hawakujua Kihispania.

Zile zilikuwa siku ndefu. Asubuhi nilivuta kamba za mpira za mazoezi zilizofungwa ukutani, mchana nilitia mkono kwenye barafu, jioni nilitembea kando ya mto nikiwatazama watu wanaokimbia bila kufukuzwa. Na maumivu yakapungua, hilo ndilo la ajabu. Nikaweza kuinua kikombe cha kahawa kwa mkono wa kulia. Nikaanza kufikiri kwamba huenda mashine ilikosea, na kwamba nikisema neno moja tu, nitakuwa nimewaridhisha wote: kocha, Mamá Vige, mtaa mzima wa Don Fabio, na mimi mwenyewe ambaye aibu ilikuwa inanila kila nilipovaa jezi ya kukalia benchi.

Asubuhi moja, zikiwa zimebaki siku chache kutimia arobaini na tatu, daktari aliniita. Alikuwa mchangamfu kuliko kawaida. Aliukunja mkono wangu, akaukunjua, akafurahi. Kwa ishara na kwa maneno machache ya Kihispania akanielewesha kwamba timu ya chini ina michezo yake ya mwisho na imepungukiwa warushaji, na kwamba nikiwa tayari, ndege ipo kesho. Kisha akaniuliza lile swali lake la kila siku, naye akatabasamu, maana jibu alilijua.

Quiñones hakuwepo. Tulikuwa wawili tu, na meza ya kulalia, na harufu ya dawa ya kuchulia. Akilini nilimwona Mamá Vige amesimama kwenye kaunta, mkono mmoja kwenye simu, mwingine umemzuia Don Fabio asipime sukari ili asikilize vizuri. Nikaona lile neno limeshafika kwenye meno. Na kiwiko, pale daktari alipokuwa amekikunjua, kilikuwa kinawaka moto.

"Kinauma," nikasema.

Nilisema kwa Kiingereza, maneno mawili ya kwao, ya kwanza yenye maana niliyowahi kuyatamka katika lugha ile. Nikayarudia, maana sikuamini kwamba sauti ilikuwa yangu. Niliona aibu, aibu ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni, na nilikuwa naangalia sakafu nikingoja sijui nini.

Daktari alivuta kiti, akaketi. Akaniuliza wapi, nikamwonyesha. Akaniuliza lini, nikamwambia kwa vidole na kwa vitendo: nikilala, nikiamka, nikifunga shati. Aliandika kila kitu. Hakunicheka, na hakuna aliyenifinya sikio. Ile ndege ya kesho iliondoka bila mimi.

Siku ya arobaini na tatu ilikuwa Jumapili ya mwisho ya Agosti. Timu ilikuwa imerudi nyumbani na tulicheza mchana, jua kali, na tulifungwa vibaya. Hakuna aliyepiga kengele. Kocha hakujua, wachezaji hawakujua, mashabiki walikuwa wanakula soseji zao na kulalamika. Mimi nilikuwa kule nyuma ya uzio na warushaji wenzangu, mkono umefungwa. Mchezo ulipokuwa umebakiza vipindi viwili, Quiñones aliinuka kwenye ndoo yake, akaifuta kwa kofia.

"Kaa," akaniambia.

"Na wewe?"

"Nimeikalia ya kutosha. Leo kaa wewe."

Nikakaa. Ukiwa juu ya ndoo ile huoni uwanja wote. Unaona kipande cha majani, visigino vya mchezaji wa pembeni, na anga. Yeye alisimama nyuma yangu, mkono wake wa vidole vilivyopinda begani kwangu, mpaka mchezo ulipokwisha. Nimerusha mpira mbele ya maelfu ya watu, nimemtoa mpigaji mkubwa ambaye jina lake watoto wa hapa walikuwa wanaandika ukutani, lakini nikikumbuka ligi kuu ninayoikumbuka ni ile saa moja juu ya ndoo. Nikisikia harufu ya majani yaliyokatwa narudi pale pale.

Walinipasua Septemba. Nilijaribu miaka miwili kwenye timu za chini, lakini mpira wangu haukurudi kuwa ule. Nikarudi Baní, nikaoa, na Don Fabio alipochoka nikalinunua duka lake, na kaunta, na mzani, na wacheza domino wake. Mamá Vige aliendelea kuja kila asubuhi kuniletea jibini na kunisahihisha ninavyopanga bidhaa. Habari za kiwiko hatukuzitaja tena. Alinipeleka kwa Don Nazario mara moja, kwa heshima, akanipaka mafuta yake ya mbuzi juu ya kovu, na wote watatu tukakubaliana kwamba sasa niko sawa.

Quiñones alinipigia kila Sikukuu ya Wafalme Watatu, mwezi Januari. Hakuwahi kunisalimia kama watu wengine. Aliuliza, "Kiwiko?" na mimi namjibu ukweli, kwamba kinauma au hakiumi, kisha ndiyo tunaanza kucheka. Mwaka nilipotimiza arobaini na tano pensheni yangu ikaanza kuja. Nilitaka kumwambia yeye kabla ya mtu yeyote, nikangoja sikukuu. Siku hiyo simu ikalia kutoka kwao Ponce, na aliyekuwa anaongea alikuwa binti yake. Baba yake alikuwa amekufa Novemba, kwenye kiti chake, mchezo unaendelea kwenye runinga. Pensheni ya kwake hakuipata kamwe. Nililifunga duka mchana, jambo ambalo sifanyi hata siku ya Bikira wa Regla, sikukuu ya mji wetu.

Mwaka ule ule Mamá Vige alilazwa. Alikuwa na miaka tisini na hakuwahi kulala hospitali hata siku moja. Kwa ile pensheni niliweza kumpatia chumba cha peke yake, chenye dirisha linalotazama milima, na yeye alilalamika kwamba ni kikubwa mno na hakuna wa kumsalimia. Nilikaa naye siku mbili. Nilimwona anavyoinuka kitandani na kushika ukingo wa godoro kwa mikono yote miwili akitafuta hewa, na nilipomuuliza, unajua alichonijibu.

Asubuhi ya tatu alikuja daktari mpya, binti mdogo, bado ana chunusi usoni, wagonjwa wengi wanamngoja.

"Unajisikiaje leo, Doña Eduvigis?"

"Salama, binti yangu, namshukuru Mungu. Na wewe? Mama yako hajambo?"

Daktari akafurahi. Akasema mama yake hajambo, akaandika neno moja, akaanza kuondoka.

"Anasema kifua kinambana tangu juzi," nikamwambia. "Anasema akilala chali hapumui. Na miguu imevimba, ameificha chini ya shuka."

Mamá Vige aligeuza kichwa taratibu. Lile jicho nililijua tangu siku ya paa la jiko. Nilikuwa mtu mzima mwenye mvi, na nikaegemea mbele kidogo ili sikio langu awe nalo karibu.

Hakulifinya. Daktari alifunua shuka, akaitazama ile miguu, akavuta kiti, akaketi, na akaanza kuuliza upya, polepole, wapi na tangu lini. Mamá Vige alimjibu. Ilimchukua muda. Alikuwa akitafuta maneno kama mtu anayevua viatu vinavyombana, na alipomaliza alikuwa amechoka, na mkono wake ulikuwa umeshika wangu.

"Na huyu naye mwangalie," akamwambia daktari. "Usimsikilize akikwambia salama. Kiwiko kinamuuma kila mvua inapokuja, miaka yote hii. Anafikiri sijui."

Daktari alinigeukia, akaniuliza kama ni kweli. Juu ya milima ya Ocoa mawingu yalikuwa yameanza kukaa. Nikafungua kifungo cha mkono wa shati, kwa mkono wa kushoto, nikamwonyesha.